Nani Anasema? Mitambo ya Mawasiliano na Maisha ya Waswahili kutoka Waya wa 1879 hadi Simu ya Mkononi



1.0 Utangulizi

Mjadala kuhusu athari za teknolojia katika jamii zetu umezoeleka kuendeshwa kwa namna mbili. Wapo wanaoisifu teknolojia kwa kuwa imerahisisha maisha, na wapo wanaoilaumu kwa kuwa imeharibu mila, heshima na lugha. Kambi hizi mbili zinapingana, lakini zinakubaliana katika jambo moja ambalo mimi silikubali. Zote zinauona mtambo kuwa ndio mtendaji, na jamii kuwa ndiyo inayotendwa. Sarufi ya hoja yao ni ile ile: teknolojia imefanya, sisi tumefanywa.

Historia ya Kiswahili haiungi mkono sarufi hiyo. Katika muda wa takriban karne moja na nusu pwani ya Afrika Mashariki imepokea waya wa telegrafu, matbaa, santuri, redio, kompyuta na simu ya mkononi. Yote hii ni mitambo ya kusafirisha maneno. Ukiichunguza mmoja baada ya mwingine utaona kwamba athari zake hazikutegemea ukubwa wa mtambo wala kasi yake. Zilitegemea jawabu la swali moja: ni nani aliyeruhusiwa kusema kupitia mtambo huo, na kwa lugha ipi? Mtambo ambao watu wanausikia tu huwabadilisha kwa namna moja. Mtambo ambao watu wanasema kupitia kwao huwabadilisha kwa namna nyingine kabisa.

Katika mhadhara huu nitalifuata swali hilo kwa mfuatano wa wakati, nikianza na waya wa chini ya bahari na kumalizia na mashine za siku hizi zinazojifunza lugha. Nia yangu ni kuonesha kwamba uamuzi uliopitishwa juu ya mtambo mmoja haufi na mtambo huo. Hurithiwa na mtambo unaofuata.

2.0 Waya na Jina Lake

Kabla ya waya, habari katika pwani yetu ilikwenda kwa upepo. Kaskazi ilileta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi, na kusi ikayarudisha. Meli za moshi zilipoanza kufika Unguja zilipunguza muda huo, lakini barua ya Ulaya bado ilihesabiwa kwa wiki. Mwaka 1873 serikali ya Uingereza ilipotaka kumshinikiza Sayyid Barghash bin Said afunge soko la watumwa, ilibidi imtume mjumbe maalumu, Sir Bartle Frere, kwa meli.

Mwaka 1879 kebo ya telegrafu kutoka Aden ilifika Unguja, ikaendelea hadi Msumbiji na Durban. Tofauti ilidhihirika baada ya miaka kumi na saba. Mwezi Agosti 1896, Sayyid Khalid bin Barghash alipojitangaza kuwa Sultani bila ridhaa ya Waingereza, kaimu balozi wao, Basil Cave, hakusubiri mjumbe wala meli ya barua. Aliomba kwa waya idhini ya kutumia nguvu, akaipata. Asubuhi ya tarehe 27 Agosti manowari zilipiga kasri, na vita vikaisha katika muda usiofika saa moja. Kwa mwananchi wa Unguja athari ya kwanza iliyo dhahiri ya mtambo huu ilikuwa kwamba amri iliyotolewa London iliweza kumfikia ikiwa ingali moto.

Waswahili waliupa mtambo huo jina. Waliuita *simu*, neno lenye asili ya Kiajemi linalohusiana na waya. Kabla ya kumaanisha chombo cha kuzungumzia, simu ilikuwa ni waya wa kupelekea habari na ni habari yenyewe iliyopelekwa. Ndiyo maana wazee wetu waliendelea kusema “nimepata simu” wakiwa wameshika karatasi mkononi. Baadaye utangazaji usiotumia waya ulipokuja, baadhi ya watu waliuita simu ya upepo. Jina likapanuka pamoja na kitu.

Sarufi nayo haikushindwa. Kitenzi *kupiga* kilibeba mzigo wa mitambo mipya takriban yote: kupiga chapa, kupiga picha, kupiga taipu, kupiga pasi, kupiga simu. Mzungumzaji hakuhitaji kitenzi kipya kwa kila mashine. Alihitaji nomino tu. Hata saa ilitii. Jumba la Beit al-Ajaib lililojengwa mwaka 1883 mjini Unguja lilitumikiwa na mnara wenye saa kubwa, na tangu wakati huo saa za mitambo zimejaa katika minara, ukutani, mkononi na sasa kwenye kioo cha simu. Hata hivyo, mtu anayesoma 20:00 kwenye simu yake anaitamka saa mbili usiku, kwa hesabu inayoanzia machweo. Mtambo umetuletea tarakimu. Hesabu imebaki yetu.

Lakini tusijidanganye kwa ushindi wa majina. Waya wa 1879 ulikuwa na jina la Kiswahili na sauti ya Kiingereza. Waliosema kupitia kwake walikuwa mabalozi, makampuni na wafanyabiashara wakubwa. Kukipa kitu jina ni hatua ya kwanza ya kukimiliki. Si umiliki wenyewe.

3.0 Matbaa na Suala la Herufi

Mtambo wa pili ni matbaa, na hapa hadithi inakuwa nzito zaidi kwa sisi wanaisimu.

Kabla ya kufika matbaa, Kiswahili kilikuwa tayari kimeandikwa kwa hati za Kiarabu kwa muda mrefu. Nakala ya Utendi wa Tambuka ni ya mwaka 1728. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa yalihifadhiwa na kunakiliwa katika hati hizo kwa juhudi za mwanazuoni wa huko, Mwalimu Sikujua. Wanawake nao waliandika: Mwana Kupona binti Msham alimtungia binti yake utendi mnamo mwaka 1858. Barua za biashara, wasia na hati za mashamba ziliandikwa hivyo hivyo. Hii haikuwa jamii iliyokuwa ikisubiri kufundishwa maana ya kuandika.

Matbaa mbili zilifika Unguja katika nusu ya pili ya karne ya 19. Moja ilikuwa ya wamisionari wa Universities’ Mission to Central Africa, ambapo Edward Steere, aliyefika Unguja mwaka 1864, alisimamia uchapaji, na vijana waliokombolewa kutoka utumwani walifundishwa kupanga herufi. Nyingine ilikuwa ya Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888. Matbaa ya misheni ilichapa Kiswahili kwa herufi za Kirumi. Matbaa ya Sultani ilichapa hasa vitabu vya Kiarabu, vikiwemo vya fiqhi. Hapo ndipo palipotokea jambo ambalo mara nyingi tunalipita bila kulitazama. Herufi za Kiarabu zilipata mtambo, lakini kwa lugha ya Kiarabu. Kiswahili kilipata mtambo, lakini kwa herufi nyingine. Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, yaani kile ambacho Waswahili wenyewe walikuwa wakikiandika, kwa sehemu kubwa kiliachwa kwenye kalamu.

Yaliyofuata yanajulikana. Gazeti la *Msimulizi* lilianza kuchapishwa Unguja mwaka 1888. Mwaka 1904 *Kiongozi* lilianza Tanga chini ya shule ya serikali ya Wajerumani, na mwaka 1923 *Mambo Leo* likaanza Dar es Salaam chini ya serikali ya Waingereza. Magazeti haya yalifanya kazi kubwa. Yaliwaunganisha walimu na makarani wa bara na wa pwani katika ukurasa mmoja, yakachapa barua na mashairi yao, na kuwajengea mazoea ya kubishana kwa maandishi na mtu wasiyemjua sura. Umma wa wasomaji wa Kiswahili ulizaliwa humo.

Pamoja na hayo, mwalimu wa madrasa wa Lamu aliyeweza kusoma na kuandika lugha yake kwa ufasaha alihesabiwa, katika takwimu za watawala, kuwa sawa na asiyejua kusoma. Mtambo haukumnyang’anya elimu yake. Ulichonyang’anya ni thamani ya elimu hiyo sokoni na ofisini. Hilo ni badiliko la kijamii la kina, nalo halikuhitaji sheria iliyokataza hati za Kiarabu. Lilihitaji tu vitabu vya shule, fomu za serikali na magazeti visiwe na hati hizo.

Uamuzi wa pili uliohusu matbaa ni ule wa lahaja. Kitabu cha shule kilichokusudiwa kutumika Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja kilihitaji tahajia moja ili gharama ya kukichapa ipungue. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua Kiunguja kuwa msingi wa usanifishaji. Tarehe 1 Januari 1930 Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi, ikikagua na kuidhinisha vitabu. Wajumbe wake mwanzoni walikuwa Wazungu watupu. Kazi yao imetufaa: bila tahajia moja pengine leo tusingekuwa na mtihani mmoja, gazeti moja wala mhadhara kama huu. Lakini tahajia hiyo ina matundu. Msemaji wa Kimvita hutofautisha *paa* la nyumba na *paa* mnyama wa porini kwa mpumuo wa sauti /p/. W. E. Taylor, aliyeishi Mombasa na kushirikiana na Mwalimu Sikujua, alijitahidi kuziwekea alama tofauti za namna hii. Tahajia sanifu haikuziandika. Msomaji wa binadamu hakupata hasara kubwa, kwa kuwa muktadha ulimwongoza. Naomba wasikilizaji waliweke mfano huu akilini, maana tutauhitaji baadaye.

4.0 Santuri na Redio: Sauti Yarudi

Kwa miongo kadhaa mtambo ulisafirisha herufi. Halafu ukaanza kusafirisha sauti, na aliyekuwa hajui kusoma akarudishiwa kiti chake barazani.

Mwaka 1928, mwaka ule ule wa mkutano wa Mombasa, Siti binti Saad na wanamuziki wenzake walisafiri kutoka Unguja hadi Bombay kurekodi nyimbo kwa ajili ya kampuni ya His Master’s Voice. Siti alikuwa mwanamke wa shamba, asiye na elimu ya shule, na aliimba taarabu kwa Kiswahili katika mji ambao taarabu ya kasri ilikuwa ya Kiarabu. Santuri zake ziliuzwa mbali na Unguja. Wataalamu waliokaa Mombasa waliamua namna Kiswahili kitakavyoandikwa. Mwanamke huyu alifanya Kiswahili kisikike, bila kuomba idhini ya kamati yoyote. Si ajabu kwamba Shaaban Robert aliona inafaa kuandika wasifu wake.

Redio ilikuja kwa mikono ya serikali. Vituo vya Dar es Salaam na Unguja vilianza mwaka 1951. Mwaka 1954 Redio Cairo ilianza matangazo ya Kiswahili yaliyowasema wakoloni waziwazi, na tarehe 27 Juni 1957 BBC nayo ikaanza matangazo yake ya Kiswahili. Sauti ya Amerika ilifuata mwaka 1962 na Deutsche Welle mwaka 1963. Katika muda usiozidi miaka kumi na miwili Kiswahili kilikuwa kimegeuka kuwa lugha ambayo mataifa makubwa yaliigombania hewani. Mkulima mwenye redio ya betri aliweza kuzilinganisha habari za wapinzani wawili usiku mmoja, kwa lugha yake, bila kujua herufi moja.

Baada ya uhuru, redio ilibadilisha maisha ya kila siku kwa namna ambazo kizazi kipya huenda hakizijui. Taarifa ya habari ya saa mbili usiku iliwakusanya majirani kwenye nyumba moja. Matangazo ya vifo yaliwafikia ndugu wa mikoani mapema kuliko barua, na mara nyingi waliwahi kufika msibani. Mwaka 1973 kampeni ya *Mtu ni Afya* iliwaweka takriban watu wazima milioni mbili wa Tanzania katika vikundi vya kusikiliza. Walisikiliza kipindi, wakasoma kijitabu, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka.

Mafanikio ya kampeni hiyo yana somo kwa hoja yangu. Redio kwa maumbile yake ni mtambo wa wachache kusema na wengi kusikiliza. Waandaaji wa *Mtu ni Afya* hawakuuacha ukabaki hivyo. Kwa kuuzungushia vikundi vya majadiliano, walimpa msikilizaji nafasi ya kusema. Mtambo ulikuwa ule ule. Kilichoongezwa ni mazungumzo, nayo mazungumzo ndiyo yaliyochimba vyoo.

Kwa upande wa lugha, redio ilikieneza Kiswahili sanifu kwa kasi ambayo kitabu kisingeiweza. Mtangazaji akawa mwalimu wa matamshi. Wakati huo huo, Mswahili wa Lamu au wa Lubumbashi alijifunza kwamba yapo matamshi ya hewani na yapo matamshi ya nyumbani. Wapo walioanza kuyaonea haya ya nyumbani.

5.0 Kompyuta na Simu ya Mkononi: Kila Mtu Anaandika

Tanzania iliipokea kompyuta kwa mashaka. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, na marufuku hiyo ililegezwa baadaye kidogo kidogo. Mitambo hiyo ilipoingia kwa wingi, ilifika ikisema Kiingereza. Wataalamu wa istilahi wakaanza kazi, na matokeo ya kazi yao yanafundisha. *Barua pepe*, *tovuti* na *mtandao* yalikubalika upesi. *Tarakilishi* lilipata makao zaidi Kenya, huku Tanzania ikibaki na *kompyuta*. *Runinga* na *televisheni* bado yanaishi pamoja kama wake wenza. *Rununu* limebaki zaidi vitabuni, ilhali mitaani watu wanasema simu ya mkononi, au simu tu.

Neno *kishikwambi* lina historia ya kupendeza. Lilikuwa la wachache hadi Sensa ya Watu na Makazi ya mwezi Agosti 2022, makarani walipopita nyumba kwa nyumba na vishikwambi mikononi. Neno lililopita kila mlango halikuhitaji tena kutetewa na mtaalamu. Istilahi haiishi kwa sababu imeundwa vizuri. Huishi kwa sababu imefika mahali pa matumizi pamoja na kitu chenyewe, kabla watu hawajazoea jina jingine.

Simu ya mkononi ndiyo iliyoleta mapinduzi ambayo matbaa haikuyaleta. Kwa mara ya kwanza katika historia yetu mchuuzi wa samaki, mtumishi wa nyumbani na kondakta wa daladala wakawa watu wanaoandika kila siku. Ujumbe mfupi ulikuwa na nafasi ya herufi 160, na kila ujumbe ulilipiwa. Kwa hiyo vijana wakabuni tahajia yao. Wakaandika *xaxa* kwa sasa, *cjui* kwa sijui, *2po* kwa tupo. Walimu wengi wamesikitika. Mwanaisimu anapaswa kwanza kutazama kinachotendeka: mwandishi wa *2po* anajua kwamba tarakimu hiyo, ikisomwa kwa Kiingereza, hutoa silabi *tu*. Huyu ni mtu anayecheza na mifumo miwili ya maandishi kwa wakati mmoja, kama walivyofanya makatibu wa zamani walipozilazimisha herufi za Kiarabu kubeba sauti za Kibantu. Wajibu wa shule ni kumfundisha wapi tahajia hiyo inafaa na wapi haifai.

Kisha simu ikageuka kuwa mfuko wa fedha. M-Pesa ilianza Kenya mwezi Machi 2007 na kuingia Tanzania mwaka 2008. Kabla ya hapo, fedha za mzazi kijijini zilipelekwa na ndugu anayesafiri au kukabidhiwa dereva wa basi. Huduma mpya ilikuja na msamiati wake, na msamiati huo ni kumbukumbu ya maisha yetu: wakala, salio, muamala, namba ya siri, kubipu. Mtu akisema “tuma na ya kutolea,” anadai gharama ya kuzitoa fedha iongezwe juu ya kiasi kinachotumwa, na katika maneno manne amebeba adabu, hesabu na uhusiano wa kindugu. Mwezi Julai 2021 serikali ya Tanzania ilipoweka tozo katika miamala ya simu, neno *tozo* lilitoka kwenye nyaraka za kodi likaingia sokoni na kijiweni kwa wiki chache tu.

Hapa, hata hivyo, amejitokeza mwundaji mpya wa istilahi ambaye vyombo vyetu vya lugha havikumtarajia, naye ni kampuni ya simu. Kenya ina *Sambaza*, *Okoa Jahazi* na *Fuliza*. Tanzania ina *Nipige Tafu* na *Songesha*. Kufuliza ni kitenzi cha kale chenye maana ya kutenda jambo mfululizo bila kukoma. Tangu mwaka 2019, kwa Mkenya wa kawaida, maana inayomjia kwanza ni kukopa kwa simu. Jahazi linalookolewa si chombo cha bahari tena. Ni muda wa maongezi. Neno linalofika katika kila kiganja, kila siku, likiambatana na fedha, lina nguvu kuliko neno la kamusi. Silaumu ubunifu huo, kwani baadhi ya majina hayo ni mazuri kuliko yetu. Ninachotaka tukione ni hiki: kampuni imechagua Kiswahili kitamu kwa jina la mkopo, lakini mara nyingi masharti ya mkopo huo yamefungwa katika maandishi marefu ambayo mkopaji hayasomi, na ambayo katika tangazo la redio yamebakia maneno ya mbiombio: “vigezo na masharti kuzingatiwa.” Lugha ya kuvutia ni ya mteja. Lugha ya kufunga si yake.

Kadhalika, bibi anayepokea fedha kijijini lakini hawezi kusoma ujumbe humwita mjukuu amsomee, na mara nyingi humtajia hata namba ya siri. Mtambo umemletea fedha mlangoni na umemwondolea siri yake. Tatizo si macho ya bibi. Ni kwamba mtambo, wenye uwezo wote wa kutoa sauti, umeundwa umwandikie mtu ambaye angeweza kusemeshwa.

6.0 Mashine Zinazojifunza na Deni la Zamani

Ilidhihirika mapema kwamba tuna uwezo wa kuifanya mashine iseme lugha yetu. Mwezi Desemba 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa *Jambo OpenOffice*, programu ya ofisi iliyo katika Kiswahili. Mwaka 2009 Google iliongeza Kiswahili katika huduma yake ya tafsiri. Leo zipo mashine zinazojibu maswali, kutafsiri na kunukuu usemi kwa Kiswahili. Jina lake bado linagombaniwa: wengine husema akili mnemba, wengine akili bandia, wengine akili unde.

Mashine hizi hujifunza kutokana na maandishi na sauti zilizokwisha kukusanywa, nayo maandishi hayo ni urithi wa maamuzi niliyoyaeleza. Kilichochapwa kwa wingi ndicho kinachofunzwa kwa wingi. Kiswahili cha hati za Kiarabu, kilichoachwa kwenye kalamu, hakimo au kimo kwa uchache mno. Kimvita, Kiamu, Kitumbatu, Kimakunduchi na Kiswahili cha Kongo vimo kwa kiasi kidogo kisicholingana na wasemaji wake. Na ile tofauti ya *paa* na *paa*, ambayo tahajia iliiacha kwa kuwa muktadha ungemwongoza binadamu, haimo kabisa katika maandishi ambayo mashine inasomeshwa. Pengo dogo la mwaka 1928 limekuwa pengo la kumbukumbu ya mashine.

Je, hili ni jambo la wanaisimu peke yao? Sivyo. Mwaka 2021 sheria ya Tanzania ilifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, ushindi ambao wengi wetu tuliudai kwa muda mrefu. Mashine ya kunukuu inapowekwa katika chumba cha mahakama, shahidi wa Makunduchi atasema kama anavyosema kwao, na mashine itaandika kile ilichofunzwa kukisikia. Kosa la neno moja katika ushahidi linaweza kumgharimu mtu shamba lake au uhuru wake. Vivyo hivyo mgonjwa anayeeleza maumivu yake kwa Kingwana. Zamani asiyejua herufi za Kirumi alihesabiwa kuwa hajui kusoma. Tunakaribia wakati ambapo mtu asiyetamka kama mtangazaji atahesabiwa kuwa hajui kusema.

7.0 Hitimisho

Nimejaribu kuonesha kwamba mitambo ya mawasiliano imebadilisha maisha ya Waswahili kwa kadiri ilivyowapa au ilivyowanyima nafasi ya kusema. Waya wa 1879 uliwapa jina tu. Matbaa iliwapa umma wa wasomaji, lakini ikawaweka kando waliosoma kwa herufi nyingine. Redio iliwarudishia sauti wasiosoma, na pale ilipozungukwa na majadiliano ikazaa matendo. Simu ya mkononi imewafanya wote kuwa waandishi, huku maneno ya mkataba yakibaki kwa wenye kampuni.

Kutokana na historia hiyo napendekeza kazi tatu kwa wanafunzi na watafiti waliomo ukumbini humu. Kwanza, turekodi na kunukuu usemi wa lahaja zetu kwa alama zinazohifadhi tofauti zake, kuanzia mpumuo wa Kimvita, na kuziweka rekodi hizo mahali ambapo wahandisi wa mashine watazipata. Kila tasnifu ya lahaja inayobaki kabatini ni sauti iliyonyimwa mtambo. Pili, hati za Kiswahili zilizo katika herufi za Kiarabu zisomwe na kugeuzwa katika mfumo wa kompyuta wakati ambapo wangali hai wazee wanaojua kuzisoma bila kubabaika. Tatu, vyombo vya lugha viwahi kufika pale mtambo unapopokelewa, na visiishie kwenye jina lake. Vidai kwamba masharti, maonyo na maelekezo yake yawe katika Kiswahili kinachoeleweka, cha kuandikwa na cha kusikika.

Kazi ya kwanza inaweza kuanza muhula huu. Kila mwanafunzi hapa ana mtambo wa kurekodi mfukoni mwake, na wengi wenu mna bibi au babu nyumbani ambaye hajawahi kuulizwa, kwa ajili ya kumbukumbu, yeye hutamkaje.